Kicheko Kando ya Kitufe cha Kijani

Suruali ilichanika mahali pabaya, tena saa mbaya. Kijana alikuwa anakatiza sokoni kuwahi kazi mpya, akaruka mfereji, na prrr! mshono wa nyuma ukaachia wote. Aibu iliyoje! Akajibana ukutani, macho yakihangaika, hadi yakatua kwenye banda la ushonaji lililokuwa likinguruma vyerehani. Nyuma ya kimojawapo alikaa dada mwenye gauni la njano, futi ya kupimia shingoni, pini mdomoni.

"Fundi, niokoe."

Dada akatoa pini. "Geuka nione maafa."

"Siwezi kugeuka."

"Basi na mimi siwezi kushona."

Akageuka. Banda zima likaangua kicheko. Akapewa kitambaa cha maua makubwa mekundu ajifunge, suruali ikaingia chini ya sindano.

"Haraka zote hizi, unakwenda wapi?"

"Natengeneza tovuti. Nimepata kazi kwenye kampeni ya mgombea."

"Nenda na maua yako hivyo hivyo, kura zote zake!"

Hapo Fundi alicheka mpaka akaegemea cherehani, na kijana, ambaye simu ilikuwa mkononi, akampiga picha.

"Nani kakuruhusu?"

"Nifute?"

Fundi akamtazama kidogo. Alikuwa na macho mazuri yule mchanika suruali. "Iache. Lakini ni yako peke yako, usiipeleke popote."

Tangu siku hiyo mafundi wakamwita Bwana Maua, na simu hazikukoma. Asubuhi simu, mchana simu, mpaka shangazi yake Fundi, msimamizi wa banda, akauliza kama huyo kijana analipwa kwa kuongea.

"Leo umefanya nini, laazizi?" Fundi aliuliza jioni moja, akikunja vitambaa.

"Nimebishana na bosi. Anataka kitufe cha 'Naunga mkono' kiwe cha kijani, kikubwa. Cha 'Nina maoni' anataka kiwe cha kijivu, kidogo, chini kabisa."

"Kwani watu hawana macho?"

"Wanayo, mpenzi. Ila jicho huenda linakoitwa."

"Mbona hata mimi naweka kifungo cha dhahabu kifuani ili mtu asione kitambi."

"Unaona? Sote mafundi."

"Tofauti ni kwamba mteja wangu anajua ana kitambi."

Bwana Maua alicheka, lakini usingizi ulimpaa. Kulikuwa na jambo hajamwambia. Ukurasa aliokuwa akiutengeneza ulihusu soko hilo hilo. Mgombea alitaka kulihamishia nje ya mji, ila neno kuhamisha lilikuwa mwiko pale ofisini. Liliandikwa "Soko la Kisasa", kwa herufi nono. Habari ya mabanda kuvunjwa ilikuwa chini kabisa, kwa herufi za kijivu ambazo hata kijana mwenye macho mazima angezikosa. Kila akitaka kumweleza, ulimi unakuwa mzito. Woga tu, hakuna jingine.

Naye Fundi, masikini, ndiye aliyekuwa amechaguliwa na wenzake akaseme mbele ya mgombea siku ya mkutano wa kampeni, maana uvumi wa soko kuhamishwa ulikuwa umeshafika bandani. Walimchagua kwa sababu hanunuliki. Banda lile mama yake alilishonea mpaka macho yakamwishia. Kulipoteza kungekuwa kama kumzika mara ya pili.

Sasa sikiliza kosa lenyewe. Watengeneza tovuti wana tabia: pakiwa na nafasi ya picha na picha yenyewe haijaja, wanabandika yoyote, ya paka, ya mlima, ili wapime ukurasa. Bwana Maua alibandika ile ya Fundi. Alitaka kumwangalia akifanya kazi, ndiyo mapenzi hayo! Akatoka kwenda kunyoa. Bosi akapita, akaona uso unaocheka kwa raha namna ile, akasema hiki ndicho nilichokuwa nakitafuta. Hakuuliza mtu. Kinyozi hajamaliza kichwa, ukurasa ulishakuwa hewani.

Shangazi ndiye aliyeleta simu bandani. "Mwanangu, umeuza banda la mama yako?"

Fundi akatazama. Juu: "Tuko tayari kwa Soko la Kisasa!" Katikati: yeye, gauni la njano, meno yote nje. Kando yake, kitufe cha kijani kikubwa: "Naunga mkono". Vyerehani vilinyamaza kimoja baada ya kingine. Hakuna aliyemtukana. Wenzake waligeuza viti tu, wakampa mgongo.

Akapiga simu. "Nilikwambia ile picha ni yako peke yako."

"Mpenzi, nisikilize, haikukusudiwa. Wala hatujaandika popote kwamba umekubali."

"Hamkuandika. Mmenikalisha pale."

"Naifuta sasa hivi."

"Uifute? Ili waseme nimelipwa nikajificha? Na hilo soko, ulijua?"

"Nilitaka kukueleza, ila..."

"Ulijua, na kila siku unaniita laazizi!" Akakata. Akaizuia namba yake, akaketi kushona, akapachika mkono wa shati kinyume, akaufumua, akaupachika kinyume tena. Machozi yalikuwa yanamzuia kuona.

Bwana Maua alimwendea bosi. "Dada yule hajakubali kitu."

"Wapi tumesema amekubali? Picha ni picha, kijana."

Hayo yalikuwa maneno yake mwenyewe kwenye simu, na kuyasikia kwa mdomo wa mwingine kulimchoma. Akarudi mezani mchana kweupe, watu wakipita nyuma yake. Hakuifuta picha. Aliiacha pale pale, kubwa vile vile, akabadilisha maneno. Juu, kwa herufi nono: "Soko linahamishwa nje ya mji. Mabanda yatavunjwa." Chini ya picha: "Huyu ni fundi. Hapa anamcheka mtengeneza tovuti hii aliyechanikiwa na suruali na kufungwa kitambaa cha maua. Kuhusu soko, hakuna aliyemuuliza." Na kitufe cha "Nina maoni" akakipaka kijani.

Bosi alipogundua, mji ulikuwa umeshasoma na kucheka. Bwana Maua alitolewa getini na begi lake, bila kazi, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi ile akahema vizuri.

Bandani, shangazi alisoma kwa sauti, akarudia pale pa suruali. Viti vikageuzwa. Siku ya mkutano Fundi alisimama na gauni lile lile la njano, akamwambia mgombea, "Tamka kuhamisha, baba, tukusikie." Mgombea akakohoa, akatamka, na akaahidi hakuna banda litakaloguswa kabla wenyewe hawajaulizwa. Ahadi za kampeni tunazijua, lakini hii aliitoa mbele za watu.

Jioni yake namba ikafunguliwa. "Njoo," alisema Fundi.

Bwana Maua alifika na shati lililopigwa pasi, akamnyoshea simu. Kwenye skrini palikuwa na swali moja: "Uko tayari nikuoe?" Chini, vitufe viwili, "Ndiyo" na "Hapana", rangi moja, ukubwa mmoja.

"Mbona Hapana kubwa hivi?"

"Sawa na mwenzake."

"Huogopi?"

"Naogopa. Na kazi sina."

"Bonyeza, mwanangu, tuna nguo za watu!" shangazi akapaza sauti.

Fundi akaiweka simu juu ya cherehani, skrini chini. "Vitufe vyako sivitaki tena. Geuka."

"Nigeuke?"

"Geuka!"

Akageuka. Fundi akaukagua mshono wa nyuma, akauvuta kidogo. Ulikuwa umeshika. "Haya, nitazame. Uliza kwa mdomo wako, watu wote wasikie."

Akauliza, banda zima likasikia. Vyerehani vyote vilikuwa vimenyamaza.

"Ndiyo," alisema Fundi. "Na hiyo nimeisema mwenyewe."