Abiria wa Laurenti

Mjomba wangu Laurenti alikuwa na shamba la karoti Towelo, juu ya mji wa Morogoro, na nyumba yake ilikuwa Mafiga, huku chini. Asubuhi alipanda mlima, alasiri akashuka. Miaka mingi alitumia baiskeli ya Kichina, nzito, ngumu kama kitanda cha chuma. Ndipo mwaka wa tisini na saba, makontena ya mitumba yalipokuwa yakimwaga vitu vya Ulaya mjini kwetu, Kibwana fundi baiskeli akamwita aje aone kitu.

Ilikuwa baiskeli ya milimani, ya zambarau, yenye springi mbele na nyingine nyuma, chini ya kiti. Mjomba alipoikalia ilizama, naye akaruka chini akidhani ameivunja.

"Haijavunjika," Kibwana alicheka. "Ukikaa inazama robo, halafu inatulia. Inapima uzito wako. Usishindane nayo, bwana. Legeza mikono, iache ifanye kazi."

Ilimchukua wiki mbili kuizoea. Akikanyaga pedali kwa nguvu, ilipanda na kushuka chini yake kama kifua cha mtu anayehema. Akibana breki ya mbele, pua iliinama. Mara ya kwanza ilimrusha hadi kwenye migomba ya watu. Akajifunza kusogeza makalio nyuma kwenye mteremko na kutazama mbali badala ya kutazama tairi. Siku ya kumi na tano aliteremka njia nzima bila kuweka mguu chini. Mkewe Yuliana, ambaye sote tunamwita Mama Prisca, anasema alifika nyumbani akicheka peke yake.

Jumanne iliyofuata, saa kumi alasiri, ukungu ulikuwa umeshuka mlimani. Kwenye kona ya tatu chini ya shamba, penye kijito, baiskeli ilizama nyuma.

Halikuwa jiwe. Jiwe hupiga, kisha springi hurudi. Hii ilizama polepole, kama mtu anapojiweka sawa, ikabaki hapo hapo. Usukani ukawa mwepesi. Mjomba akageuka. Baiskeli ile haikuwa na keria. Nyuma yake hapakuwa na mahali pa mtu kukaa.

Kwenye daraja la miti, uzito ulitoka. Springi ikapanda.

Alimpelekea Kibwana. Kibwana akaikaza springi kwa spana hadi mwisho, akaipanda mwenyewe, akazunguka uwanja mzima. "Sasa hata mkae wawili haizami," akasema.

Jumatano ilizama pale pale, kwenye kona ya tatu. Uzito ukapita daraja, ukashukia kwenye nyumba za kwanza za mji. Alhamisi ulishukia pembeni mwa mtaa wao. Kutoka hapo mjomba alimwona mkewe uani, akimwogesha Prisca, mtoto wao wa miezi minne.

Ijumaa angeweza kuiacha baiskeli shambani. Niliwahi kumuuliza kwa nini hakuiacha.

"Kwa miguu nisingejua yuko wapi," alinijibu. "Juu ya baiskeli nilijua."

Akashuka. Kona ya tatu. Ikazama.

Hakugeuka. Alilegeza mikono, kama alivyofundishwa. Akapita daraja. Akapita nyumba za kwanza. Akapita pembe ya mtaa, na uzito haukutoka. Mama Prisca alikuwa mlangoni, mtoto mgongoni.

"Baba Prisca! Unakwenda wapi?"

"Ingia ndani," alisema, bila kupaza sauti. "Funga."

Mama Prisca alimwona vizuri. Alikuwa peke yake. Lakini shati lilikuwa limevutwa, limembana tumboni, limekunjamana pande zote mbili za kiuno.

Mjomba aliingia barabara kuu, akashika njia ya Dar. Malori yalimpita. Springi ilikuwa inalia. Sikio lake la kushoto lilikuwa limepata baridi, kama mtu analipulizia pumzi kwa nyuma, la kulia halikuwa na kitu. Hakusimama mpaka Mikese, zaidi ya kilomita ishirini, jua likizama. Akashuka. Akaiegemeza baiskeli kwenye ukuta wa duka lililofungwa.

"Tumefika," alinong'ona. "Shuka."

Yeye alikuwa chini tayari, mikono mitupu. Springi ilikuwa bado imezama.

Halafu, taratibu, ikapanda.

Hakungoja. Alirudi mjini nyuma ya pikapu, mgongo ameubana kwenye kibanda cha dereva. Baiskeli hakuifuata tena.

Tangu siku hiyo alikaa ameegemea ukuta tu. Kanisani, benchi la mwisho. Akioga, alijifungia. Mama Prisca alimwona mara moja tu bila shati: alama za vidole kiunoni, vinne huku, vinne huku.

Mwaka juzi alifariki. Presha, walisema hospitalini. Tuliingia kumwosha, mimi na wanaume wengine wawili wa ukoo. Mama Prisca alitusimamisha mlangoni.

"Kiunoni mtaona alama," alisema kwa sauti ya chini. "Msishtuke, wanangu."

Tulimvua. Kiunoni ngozi ilikuwa safi kabisa.

Zilikuwa shingoni. Vinne huku, vinne huku, na bado zilikuwa nyekundu.

Tulimwosha, tukamvalisha shati jeupe, tukafunga kifungo cha juu kabisa. Ndipo tukamwita mkewe.