Paa la Gari la Mama

Ndugu msomaji, kama una simu mkononi iweke pembeni kidogo, maana kisa hiki kinaihusu na yenyewe.

Kulikuwa na nyumba moja yenye ua mdogo, lango la bati na amani tele. Humo aliishi mkunga mstaafu pamoja na mwanawe, ambaye alikuwa fundi bodi wa magari, na mkwewe, msusi aliyefungua saluni chumba cha mbele. Mkunga huyu alikuwa amewapokea duniani nusu ya watoto wa mtaa ule. Hata wanaume wenye ndevu zao walipopita langoni walimwamkia kwa adabu, maana aliwajua tangu hawajui hata kulia vizuri. Miaka michache nyuma aliteleza sakafuni akavunja goti la kushoto. Likaungwa kwa vyuma, na tangu hapo mguu ule ulinyooka moja kwa moja, haukunjiki.

Alhamisi ndiyo ilikuwa siku yake kuu. Aliamka mapema, akajifunga kitambaa safi, akakaa uani kwenye kiti chake kirefu akinywa chai na kulitazama gari aliloachiwa na marehemu mumewe. Lilikuwa gari refu la zamani, lenye pembe kama kabati, rangi ya vumbi hata likitoka kuoshwa. Ufunguo uliweza kuachwa ndani siku nzima na mwizi asishughulike nalo. Lakini mlango wake wa nyuma ulikuwa mpana, na siti yake ilikuwa juu, sawasawa na kiuno cha bibi yetu. Alirudi kinyumenyume, akakaa, akauburuta mguu mpaka ukalala kwenye siti nzima. Safari ikaanza. Mwanawe alimpeleka ng'ambo ya mji kwa mdogo wake mama, ndugu wa kike pekee aliyebaki katika tumbo lao. Wawili hao walishinda wakicheka na kuwasengenya walio hai na waliokufa bila ubaguzi, jioni akarudishwa. Siku nyingine za wiki alizivumilia kwa ajili ya hiyo moja.

Fundi bodi hakuwa mtu mbaya, tusimwonee. Alikuwa mchapakazi, na mkono wake kwenye bati ulikuwa mwepesi. Ugonjwa wake ulikuwa masikioni: alipenda mno kusifiwa. Gereji alikofanya kazi wateja walikuja kununa tu, gari likipona wanaondoka bila hata ahsante. Ndipo akaangukia kwenye simu kundi la watu wanaochonga magari upya, wanakata paa na kuyafanya mafupi, yenye sura ya kutisha. Mmoja wao aliandika kwamba magari marefu ya zamani yasiyotakiwa na mtu ndiyo hasa yanayofaa kuchongwa. Kijana alisoma maneno hayo, akainua macho, akaliona la kwao limesimama uani.

Asubuhi iliyofuata mama alimkuta akichora mistari ya chaki kwenye nguzo za gari.

"Unachora nini tena, mwanangu?"

"Nalipunguza, mama. Nakata hapa na hapa, natoa hiki kipande cha katikati, nashusha paa, nachomelea. Likipita barabarani watu wote watageuza shingo."

"Na shingo yangu mimi itakaa wapi humo ndani?"

Kijana alicheka. "Wiki mbili tu. Utaingia kama kawaida."

Mama alitaka kukataa. Lakini alimtazama usoni akaona furaha ambayo hakuwa ameiona tangu walipomzika baba yake. Akasema, "Haya." Jamani, wazazi wangapi wameponzwa na neno hilo?

Siku ya kukata, grenda, ile mashine ya kukatia chuma, ililia tangu asubuhi. Marafiki wanne walilinyanyua paa zima, na kwa kuwa ua ulikuwa mdogo wakaliegemeza ukutani, juu ya dirisha la chumba cha mama. Chumba kikaingia giza mchana kweupe.

"Kesho tunalitoa," fundi akasema.

Kesho haikufika. Nguzo za mbele za gari lile zililala kwa nyuma kidogo, kwa hiyo aliposhusha paa halikukutana nazo tena. Ikabidi alipasue katikati na kuunga kipande. Akaja kwenye kioo cha mbele: alipokikata kilipasuka, na cha pili kikapasuka. Hayo ni ya kazi, kila fundi anayajua. Lakini kila alipofika mahali pa kumaliza, alipiga picha akatuma kwa wenzake wa simuni, nao wakajibu: "Kali sana, kaka! Ila shusha tena kidogo." Naye, mtu mzima mwenye mke, anashika grenda na kukata upya alichochomelea jana, na paa linarudi dirishani kwa mama.

Mama akabaki ndani. Mkwewe alimwitia teksi, mguu ukatokeza nje na mlango ukagoma kufungwa. Dereva alijikuna kichwa, akaomba radhi, akaondoka. Siku nyingine walimlaza nyuma ya gari la mizigo, lakini kabla ya kufika mwisho wa mtaa mashimo yalimtoa machozi, wakamrudisha. Uani nako hakukupitika: milango, vioo na mitungi ya gesi vilizagaa hadi kizingitini. Mwanamke aliyezoea kuitwa kila nyumba sasa alikuwa na kitanda, redio na bati mbele ya dirisha. Alikasirika, kisha akanyong'onyea. Mtu akikasirika bado ana nguvu. Akinyamaza ndipo pa kuogopa.

"Mume wangu, mama yako anafifia mle ndani," mkwe alimwambia mumewe mbele ya mama mwenyewe. "Huoni?"

"Naona. Namalizia milango tu."

"Milango uliimaliza mwezi uliopita."

"Ile ilikuwa na vishikio. Siku hizi havitakiwi. Mlango unakuwa laini kabisa, unafunguka kwa swichi." Alisema huku kidole kinapanda na kushuka kwenye simu.

Mdogo wa mama alipiga simu kila Alhamisi. Mwanzoni alitania: "Umeolewa tena nini, mbona huonekani?" Baadaye sauti ikawa nyembamba. Halafu Jumatatu moja akapiga binti yake. Mama mdogo hali chakula, hatoki kitandani, anauliza jambo moja tu: dada yuko wapi.

Mama alitoka chumbani kwa magongo yake, akayavuka mabati kwa shida, akasimama mbele ya mwanawe.

"Nipeleke kwa mdogo wangu. Leo."

Kijana alitazama gari lake. Lilikuwa tayari, jeusi, linang'aa, limejibana chini kama mende. Madirisha yalibaki nyufa tu, mkono unapita, kichwa hakipiti. Milango ya nyuma alikuwa ameichomelea ikawa ukuta. Siti ya nyuma alikuwa ameing'oa ili paa lizidi kushuka. Kwa mara ya kwanza aliliona gari lile kwa macho ya mama yake, na uso ukamshuka.

"Nitakulaza sakafuni, mama. Natandika godoro."

Wakafungua mlango wa buti wakamsukuma ndani taratibu, chali, miguu mbele. Paa lilikuwa karibu na pua yake. Harufu ya rangi mbichi ilimkaba. Alimfikiria mdogo wake akauma meno. Mkwe akakaa mbele, milango ikajifunga yenyewe, wakaondoka.

Walikuwa katikati ya mji, jua la utosi, gari lilipozimika. Fundi alizungusha ufunguo. Kimya. Akabonyeza swichi ya milango na buti. Kimya pia. Umeme wote ulikuwa umekufa.

"Si kuna ule waya wa kuvuta mlango ukikwama?" mkwe akauliza. "Ulinionyesha mwenyewe."

Fundi alizidi kubonyeza swichi.

"Waya uko wapi?"

"Niliukata," akasema. "Ulikuwa unaonekana kwenye picha."

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo kisa kinapouma. Watu walianza kukusanyika, na fundi akapiga kioo kwa ngumi akipiga kelele. Lakini wale wa nje, walipoona gari la ajabu namna ile, walitoa simu zao. Mmoja aligonga boneti kwa furaha: "Kaka, umeua! Gari kali hili!" Wengine walipunga mkono. Sifa zote alizozitafuta zilikuwa zimemzunguka pande zote, na ndani joto linapanda, mama yake anahema juujuu.

Mkwe alivua kiatu akagonga ufa wa dirisha mpaka kioo kikavunjika, akatoa mkono unaovuja damu. Hapo ndipo watu walipoelewa. Dereva wa lori aliyekuwa nyuma yao alikuja mbio na mtaimbo. Mlango haukusogea, kwa kuwa fundi aliufanyia kazi nzuri mno. Mtu mwingine akaleta grenda ya betri.

"Hapana!" fundi alilia. "Tangi la petroli nimelihamishia nyuma, karibu na kichwa cha mama. Cheche moja tu, tumekwisha. Leteni msumeno wa mkono. Kateni hapa, kwenye kiungo cha paa." Akapitisha kidole kwenye ufa kuwaonyesha mahali pa kuanzia.

Msumeno ukaanza kuguguna. Ulikwenda polepole mno. Mama alisikia kila mvuto wake juu ya uso, unga wa chuma ukimdondokea kwenye kope. Mkwe alimpepea kwa kitambaa akimwambia, "Bado kidogo, mama, bado kidogo." Mama alikumbuka ni mara ngapi yeye mwenyewe aliwaambia wengine hivyo, akajua hata mkwewe hana hakika. Aliogopa. Hakuwa amewahi kuogopa namna ile.

Walipolikunja paa, vijana wawili walimkamata mabegani na kuanza kuvuta.

"Acheni!" akafoka, na sauti ile ya wodini ikamrudia. "Hakuna anayevuta mtu hivyo. Nigeuzeni kwanza ubavu. Wewe shika kichwa, wewe kiuno. Mguu mbovu utoke mwisho. Haya, sasa, polepole."

Wakatii kama wanafunzi. Akatoka. Mtu mmoja akacheka kwa kuchoka, na yeye mwenyewe karibu acheke. Dereva wa lori alimwinua kwa mikono yake akamweka kwenye siti pana ya lori, mguu umenyooka, akampeleka ng'ambo ya mji pamoja na mwanawe na mkwewe, bila kuombwa mara mbili.

Walikuta viatu vingi mlangoni. Binti wa mdogo wake alitoka akamkumbatia, akamwambia kwamba marehemu alikuwa akigeuza uso mlangoni kila gari liliposimama nje, mpaka dakika za mwisho.

Mama hakumlaani mwanawe. Mtu akilaaniwa hupata pa kujitetea. Alimwambia tu, "Nilikuwa na mtu mmoja wa kumwendea," kisha akageuka akaingia kulia na wenzake.

Baada ya msiba fundi aliliinua paa. Alitafuta bati, akaunda nguzo mpya, akarudisha siti, akafungua milango aliyoichomelea. Hakupiga picha hata moja. Ilikuwa kazi safi kuliko zote alizowahi kufanya. Alipomaliza alifungua mlango mpana wa nyuma, akamwita mama yake.

Mama alikuja, akapapasa siti, akaona iko pale pale kiunoni.

"Umetengeneza vizuri," akasema. "Sasa unipeleke kwa nani?"

FUNZO

Ndugu zangu, kupenda kusifiwa si dhambi, na kuchonga gari si dhambi. Ubaya ni kuchukua cha mtu wa nyumbani kwako na kukigeuza kuwa onyesho la watu usiowajua. Wale waliosema "shusha tena kidogo" hakuna aliyekuja msibani, na wala hawakujua kama kuna mama. Kabla hujakata kitu, uliza ni nani anayekitumia kuishi, na akisema "haya" kwa upole usidhani ameridhika, muulize tena. Wazee wetu wanafungiwa ndani zaidi na ahadi za wiki mbili kuliko wanavyofungiwa na makufuli. Bati linaweza kuungwa, fundi yule ameshatuonyesha. Lakini aliyekuwa akisubiri upande wa pili wa mji hasubiri mpaka sisi tumalize. Nenda leo.