Fomu Iliyomzika Mama

Kila asubuhi kabla ya saa moja, Nakhungu alipita mbele ya lango la shule ya kibinafsi iliyokuwa kilimani, nje kidogo ya mji wa Kitale. Watu wa mtaa waliiita Kijani kwa sababu ya makoti ya wanafunzi wake. Kando ya lango palisimama ubao mrefu wenye majina ya waliomaliza hapo na vyuo vikuu walivyoitwa: huyu udaktari Nairobi, huyu uhandisi Eldoret, yule Kanada. Nakhungu alisoma jina moja kila siku, kisha akaharakisha kwenda shule yake ya umma. Huko, Gredi ya Tisa ilikuwa na wanafunzi sabini na wawili, na maabara ilikuwa imejaa magunia ya mahindi ya chakula cha mchana.

Aliishi Kitale kwa mama yake mdogo, aliyeuza mitumba sokoni. Kwao hasa kulikuwa Sirisia, upande wa Bungoma. Baba yake alikuwa amefariki miaka miwili iliyopita, akazikwa nyuma ya nyumba karibu na migomba. Mama yake, Edinah, alibaki na shamba dogo na watoto wawili wadogo. Jioni, baada ya kuwalisha, mama alikwenda kanisani kusoma ngumbaru, masomo ya watu wazima, pamoja na wanawake wenzake. Alikuwa ameanza kusoma akifuatisha maneno kwa kidole.

Mwezi wa sita, Mwalimu Wabwile aliingia darasani na bahasha.

"Kijani wanatoa ufadhili kwa mtoto mmoja kutoka shule yetu," alisema. "Mmoja tu. Atasomeshwa mpaka amalize sekondari. Anayetaka, achukue fomu."

Wengi walichukua fomu, lakini kila mtu alijua mashindano yalikuwa ya watu wawili: Nakhungu na Jepkorir, rafiki yake wa dawati moja. Jepkorir alikuwa amefiwa na mama, na baba yake alikuwa ameondoka zamani bila kurudi. Alilelewa na nyanya yake.

Hillary, aliyeketi nyuma yao, alichungulia fomu ya Nakhungu wakati Jepkorir alikuwa ametoka.

"Ati unaandika mama yuko hai?"

"Si yuko hai!"

"Basi sahau, bana. Kaka yangu aliomba hivyo hivyo akakosa. Waliofiwa na mzazi mmoja ni wengi kama kunguru. Hawa wanataka yatima kamili."

"Kwa hivyo nimuue mama?" Nakhungu alicheka.

"Nani atajua? Hapa Mwalimu anamjua mama yako mdogo peke yake. Na hiyo ni alama ya kalamu tu. Alama haiui mtu."

Nakhungu alikwenda na fomu nyumbani. Mbele ya neno Mama palikuwa na visanduku viwili, Hai na Amefariki. Aliviangalia mpaka chai yake ikapoa. Alifikiria ule ubao na jina lake likiwa juu yake. Kisha akatia alama katika kisanduku cha pili, haraka, kama mtu anayeng'oa mwiba. Mama mdogo, aliyekuwa akifungua robota la nguo, alitia sahihi bila kusoma.

Wiki mbili baadaye Mwalimu Wabwile alisimama mbele ya darasa. "Kuchagua kulikuwa kugumu," alisema. "Lakini Nakhungu hana mzazi hata mmoja. Nimetuma jina lake."

Chini ya dawati, Jepkorir alimshika mkono. "Pole," alinong'ona. "Mbona hukuwahi kuniambia?"

Nakhungu aliuondoa mkono wake, akafungua daftari.

Likizo ya Agosti ilimkuta Sirisia. Siku moja mama alikuwa ametoka kuinua tuta la viazi vitamu nyuma ya nyumba, hatua chache kutoka kaburi la baba. Udongo ulikuwa bado mbichi. Gari dogo lilipoingia uani, mama alifuta mikono kwa leso na kwenda kulipokea.

"Karibuni, karibuni wageni! Nakhungu, mshike yule kuku mwekundu."

Dereva alibaki garini. Aliyeshuka alikuwa mwanamke wa makamo, na faili ilikuwa kwapani. "Asante, mama. Mimi ni Bi. Chelagat kutoka ofisi ya ufadhili ya shule ya Kitale. Tumekuja kwa ajili ya huyu mtoto. Cheti cha kifo cha baba yake tumekiona. Cha mama hakikuwepo, ndiyo maana nimefika mwenyewe." Akatua kidogo. "Wewe ni nani wake?"

Kuku alikuwa mikononi mwa Nakhungu, na moyo wa yule ndege ulidunda kwenye kiganja chake. Mama alimgeukia. Nakhungu aliangalia chini. Hapo mama akaelewa yote, bila kuambiwa neno.

"Mimi ni mama yake mkubwa," mama alisema polepole. "Dada ya marehemu."

"Poleni sana. Mtanisamehe, lakini kuna watu wanatudanganya, kwa hivyo ni lazima tuone makaburi."

Mama aliwaongoza nyuma ya nyumba. Alitembea kama mtu aliyebeba maji kichwani, akiogopa kumwaga. Kwenye kaburi la baba alisimama. Bi. Chelagat aliandika jambo katika faili.

"Na la mama?"

Upepo ulivuma kwenye migomba. Mama aliinua mkono. Akaelekeza kidole kwenye tuta la viazi.

"Ni lile pale."

 Nakhungu alijua mama alivyoogopa jambo hilo. Tangu utotoni aliwaambia: usichezee kifo, usijilaze chini ukajifanya maiti, usikiite, kisije kikaitika. Sasa mama huyo alikuwa anaonyesha kaburi lake mwenyewe, akiwa amesimama, miguu yake ikiwa bado na udongo wa tuta hilo.

"Hapana!" Nakhungu alipiga kelele. Kuku aliruka akakimbilia migombani. "Hapana, Mama! Shusha mkono! Hilo ni tuta la viazi. Huyu ndiye mama yangu. Hajafa. Mimi ndiye niliyemwandika amekufa."

Bi. Chelagat alifunga faili. Hakupiga kelele wala hakuonekana mwenye hasira. Alionekana amechoka.

"Mtoto, nafasi hii huwezi kuipata tena."

"Mpeni Jepkorir. Tafadhali. Yeye hakudanganya."

"Majina yalifungwa mwezi wa saba. Nafasi ya shule yenu itakwenda shule nyingine."

Kabla Bi. Chelagat hajaondoka, mama aliomba kuiona ile fomu. Aliishika kwa mikono miwili, akaweka kidole kwenye karatasi na kusoma kwa sauti, silabi kwa silabi, kama alivyofundishwa kanisani.

"A-me-fa-ri-ki."

Akairudisha. "Nilijifunza kusoma ili siku moja nisome barua zako za chuo," alimwambia Nakhungu. "Neno hili ulilotia alama ndilo la kwanza kutoka kwako nililosoma."

Siku hiyo mama hakumchapa. Alirudi kwenye tuta, akapanda marando ya viazi moja baada ya jingine mpaka jua likatua.

Shule zilipofunguliwa, Nakhungu alimweleza Mwalimu Wabwile ukweli mbele ya darasa zima. Mwalimu aliketi kitini. "Nilitia sahihi yangu juu ya neno lako," alisema. Hillary alijifanya anatafuta kalamu chini ya dawati.

Jepkorir alikusanya vitabu vyake na kuhamia safu ya mbele. Nakhungu alipomfuata kumwomba msamaha, alijibu bila kugeuka. "Nilimlilia mama yako. Nyanya alimwombea. Kumbe tulikuwa tunamlilia mtu anayelima viazi."

Walifanya mtihani mwezi wa kumi. Asubuhi ya hisabati, rula ya Nakhungu ilivunjika. Jepkorir aliiona, akamsogezea yake ya pili. Hayo ndiyo yaliyobaki ya urafiki wao mwaka huo.

Desemba, Nakhungu aliitwa shule ya umma ya wasichana huko Bungoma, upande wa sayansi. Haikuwa na ubao wa majina langoni. Mwalimu Wabwile alimpigia mama simu. "Mwambie asihuzunike kuhusu koti la kijani," alisema. "Chuo kikuu hakitauliza alivaa koti gani. Kitauliza alama zake, na safari hii ziwe za kweli."

Siku moja kabla ya kwenda shule mpya, mama alimwita nyuma ya nyumba na kumpa jembe. Walichimba pamoja. Viazi vilitoka vinono, vyekundu, vikiwa vimeshikana kama vidole. Mama alikung'uta udongo, akavitia kwenye kikapu.

"Umeona? Hapa hapakuwa kaburi. Hapa ni chakula chako cha safari."

Nakhungu alitoa fomu ya shule mpya mfukoni. Mbele ya neno Mama alikuwa ametia alama kwenye Hai, akikandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka kidogo. Mama alisoma kwa kidole, mara mbili, ingawa neno lilikuwa fupi.

"Sikiza, mwanangu," alisema. "Nami nilikosa. Siku ile nilitaka shule ile kuliko ukweli, nikakubali kujizika. Uongo wetu ulimfikia Jepkorir, ambaye hakuwa amekosea mtu. Mlango wowote utakaoingia maishani, uingie na jina lako lote na watu wako wote wakiwa hai. Ukilazimika kumzika mtu ili uingie, jua huo si mlango wako."

Nakhungu alibeba kikapu. Vile viazi vikubwa zaidi alivitenga katika mfuko mdogo, ili mama mdogo ampelekee nyanya yake Jepkorir.