Mawe Ishirini ya Mama Blessing

Kilichomshtua Zipora kwanza kilikuwa kidogo tu. Saa saba mchana, jua la Kishapu linachoma mpaka mbuzi wanagombania kivuli, na binti yake anaomba blanketi.

"Mama, nifunike."

Alimfunika. Akaongeza kitenge, akaongeza na gunia la pamba. Blessing aliendelea kutetemeka, na nywele zake zilinuka udongo, ule wa chini kabisa usioona jua. Siku ya tatu hakula. Majirani walinong'ona kwamba ni jini. Kila mchana, muda ule ule, kitu kilizunguka nyumba taratibu kikinusa kuta, na mtoto akasema, "Fisi huyo," wakati fisi walikwisha huko tangu enzi za bibi yake.

Zipora alijua. Jamani, mtu hujua alichotenda hata asipoulizwa.

Shule ya parokia, ile ya tofali za udongo waliyoijenga mapadre wa kwanza, akasoma bibi yake, akasoma na yeye, ililala chini kwa mvua za mwaka juzi. Ikaamuliwa ijengwe upya, na kila mzazi alete mawe ishirini ya msingi, la sivyo mwanawe hapokelewi. Mjane wa watu, hana ng'ombe, hana mkokoteni. Lakini kilimani kulikuwa na mawe ya kubebeka kichwani, yamepangwa vizuri. Wazee waliyapanga juu ya makaburi ili fisi wasifukue maiti. Alibomoa kaburi moja tu. Alijiambia halina mwenyewe.

Katekista Magesa alikuja na maji ya baraka. Tone la kwanza lilipomgusa, Blessing alifumbua macho, akauliza kwa sauti nzito ya mzee, kwa Kisukuma cha kizamani, nani amemfunua.

Magesa alirudi nyuma hadi mlangoni. "Mama Blessing, umefanya nini?"

Akamweleza, analia.

"Yarudishwe," Magesa alisema kwa sauti ya chini. "Tutavunja sakafu ya darasa jipya. Ila useme mwenyewe mbele ya wazazi, kesho baada ya misa."

Aibu ilimkata maini, lakini maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Jumapili alisimama katika darasa jipya, mtoto mgongoni baridi kama mtungi, na chumba cha pili watoto wa mafundisho wakiimba, akasema yote, kilima, kaburi, safari zake ishirini alfajiri, akiomba wamtukane wakimaliza wachukue sururu, kwa sababu mwanawe alikuwa anakufa na yeye hakuwa na mwingine.

Hakuna aliyemtukana.

Lusia, Mama Adam, mwanamke ambaye Zipora alimwogopa kuliko wote kwa ulimi wake, aliinuka. "Adam anaomba blanketi tangu Alhamisi," alisema. "Na mimi nilichukua kule kule."

Mzee mmoja nyuma akavua kofia. Mwingine akainua mkono, kisha mwingine, mkono baada ya mkono mpaka dirishani. Magesa hakumtazama mtu. Alikuwa anatazama viganja vyake.

Mawe yote yalikuwa chini ya saruji, yamechanganywa, ya kila kaburi.

"Basi yangu ni yapi?" Zipora aliuliza. "Nionyesheni yangu."

Nje, kwenye kuta zote nne, vitu vikaanza kunusa. Chumba cha pili wimbo ukakatika. Kisha watoto wote, na Blessing mgongoni mwa mama yake, wakasema pamoja kwa sauti za wazee:

"Tufunikeni."