Miaka ya Nyanya Nzembi

Kila Jumamosi asubuhi Mbithe aliosha vyombo, akapiga deki, kisha akapanda juu ya stuli kufuta vumbi kwenye picha tatu za sebuleni. Nyumba yao katika mtaa wa Mbotela ilikuwa ndogo, na picha hizo zilionekana kuijaza. Ya kwanza ilikuwa ya Babu Munyoki, ya pili ya Shangazi Ndete, na ya tatu ya Ami Kioko. Wote walikuwa na macho makubwa yaliyomfuata mtu popote alipoelekea. Wote walikufa ghafla kabla ya kufikisha miaka hamsini na mitano.

Jumamosi hiyo alikuta fremu ya nne. Ilikuwa tupu. Ndani ya kioo aliuona uso wake mwenyewe, na nyuma yake uso wa baba yake. Hakuwa amemsikia akiingia.

“Hiyo ni yangu,” Baba alisema kwa sauti ya chini. “Ifute polepole.”

Baba yake, Muoki, alikuwa dereva wa lori. Mwezi wa nane angetimiza miaka hamsini na mitano. Tangu Krismasi alikuwa amebadilika. Koti lake zuri alimpa jirani. Mama alionyeshwa zilikowekwa hati za shamba la Kitui. Mara nyingine, katikati ya chakula, Baba aliacha kutafuna, akageuza kichwa na kujibu, “Naam,” ilhali hakuna aliyemwita.

Hata sasa aligeuka ghafla kuelekea ukutani. “Naam, Baba.”

Mbithe aliitazama picha ya babu. Nywele zilimsimama. “Baba, nani anakuita?”

“Wenzangu.” Muoki alijishika kisogo kilichokuwa kikimuuma. “Ukoo wetu hauzeeki, Mbithe. Kuna mtu anayekula miaka yetu. Nzembi wa mtaa wa Ziwani, dada ya babu yako, ana miaka themanini na mmoja. Hiyo ya ziada aliitoa wapi?”

Baba alipojilaza, Mbithe alivaa viatu na kutoka. Mama alikuwa sokoni. Alitembea kandokando ya Barabara ya Jogoo, jua likimchoma, akirudia moyoni maneno atakayosema. Alipofika Ziwani alimuuliza mwenye duka mmoja, Opicho, iliko nyumba ya Nzembi.

“Mlango wa kijani kule mwisho,” alisema Opicho, akimkazia macho. “Wewe ni wa kwao? Sijawahi kuona mtu wa kwao akija.”

Mlango ulifunguka kabla hajabisha. Mbithe alirudi hatua moja nyuma. Mbele yake alisimama Babu Munyoki: paji lile la uso, macho yale yale makubwa. Tofauti ni kwamba uso huu ulikuwa na mikunjo, na kichwa kilifungwa leso.

“Nimekuona kupitia dirishani,” alisema yule bibi. “Nikajua ni damu yetu. Ingia.”

Ndani mlikuwa na viti sita vilivyopangwa vizuri, vyote safi, kana kwamba watu walitarajiwa. Mbithe hakuketi. Maneno yote aliyoyapanga yalimpotea, akabaki na moja tu.

“Nyanya, tafadhali, mrudishie baba yangu miaka yake.”

Bibi aliinua mkebe mdogo kutoka kabatini, akautikisa. Ndani kitu kililia chakacha, chakacha.

“Miaka yangu imo humu,” alisema. “Fungua.”

Mbithe alifungua. Vilikuwa vidonge vyeupe.

“Nilipokuwa na miaka arobaini nilianguka kazini,” Nyanya Nzembi alieleza. “Nikapimwa, nikaambiwa nina shinikizo la damu. Tangu siku hiyo nimemeza kidonge kila asubuhi, na chumvi nimepunguza. Nilimsihi kaka yangu Munyoki akapimwe. Akasema, ‘Mimi si mgonjwa.’ Siku ya mazishi yake, miaka ishirini na tisa iliyopita, watu waliniuliza mbona mimi sifi. Tangu hapo hakuna aliyeketi kwenye viti hivi.” Akamgeukia Mbithe. “Baba yako huumwa na kisogo?”

“Ndiyo. Na husikia akiitwa.”

Nyanya alisimama mara moja. “Mama yako anajua uko hapa?”

“La.”

“Hilo ni kosa, na tutaanza kulirekebisha.” Akachukua simu, Mbithe akamtajia nambari, naye akampigia Mama.

Saa tisa mchana Nyanya na Mbithe walikuwa Mbotela. Muoki alipomwona shangazi yake mlangoni, alirudi nyuma mpaka ukuta ukamzuia. Jasho lilimtoka.

“Umekuja kunichukua,” alisema.

“Ndiyo,” Nyanya Nzembi alijibu. “Vaa viatu.”

Katika kituo cha afya, muuguzi Simiyu alimfunga Muoki mkanda mkononi, akapima, akapima tena. “Mia moja na tisini kwa mia moja na ishirini,” alisema. “Mzee, masikio yako huvuma?”

“Huvuma, halafu huwa kama mtu ananiita.”

“Shinikizo likipanda hivi, masikio yanaweza kuvuma. Huzuni na hofu hufanya mvumo uwe sauti. Leo hutoki hapa bila kuonana na daktari.”

Muoki alianza dawa siku hiyo hiyo. Hakuitwa tena na mtu asiyeonekana. Mwezi wa nane ulikuja na kupita. Jumapili moja ya Septemba alikwenda Ziwani pamoja na Mama na Mbithe, akapiga magoti mbele ya shangazi yake.

“Nisamehe, shangazi. Tulikuita mchawi miaka yote hii.”

“Inuka, uketi,” alisema Nyanya Nzembi. “Ugonjwa unaweza kurithiwa, Muoki, lakini si lazima kifo nacho kirithiwe. Nyote mtapimwa, hata mtoto huyu akikua. Na uvumi usiwazuie tena kuuliza. Ndete na Kioko walipita hapa nje, wakavuka upande wa pili wa barabara ili wasinisalimu. Neno moja tu lingetosha kuwaokoa.”

Akamvuta Mbithe karibu yake.

“Nilingoja miaka ishirini na tisa mtu mzima aje aniulize. Amekuja mtoto.”