Picha Iliyong'olewa Ukutani

Mjomba, kama wateja wote walivyomwita mwenye duka la kamera, alikuwa amelala chali nyuma ya kaunta ya vioo, miwani kifuani, mguu mmoja umenasa kwenye kiti chake cha duara kilichopinduka. Damu ilikuwa imeganda chini ya kisogo, karibu na pembe ya sefu ya chuma. Fundi viatu wa mlango wa pili ndiye aliyemkuta asubuhi, alipokuja kuomba maji ya kunywa kama kawaida yake.

Inspekta alisimama mlangoni kwa muda mrefu kuliko ilivyompasa. Koplo, aliyezoea kumwona akiingia kwenye eneo la tukio kama mtu anayeingia jikoni kwake, alimtazama kwa wasiwasi.

"Ulikuwa unamfahamu, Afande?"

"Wiki iliyopita nilikuja hapa kununua kamera."

Hakununua. Ndivyo Mjomba alivyokuwa: unaingia dukani kwake na fedha mkononi, anakurudisha nyumbani ukafikiri. Inspekta alikuwa amenyoosha kidole kwenye kamera mpya ya dirishani, ile iliyong'aa kuliko zote, na mzee akacheka mpaka miwani ikashuka puani. Akamuuliza anataka kumpiga picha nani. Inspekta alipojibu kwamba ni binti yake, anayeondoka karibuni kwenda kusoma mbali, Mjomba akamtolea kamera iliyokwisha kutumika, imechubuka pembeni, na lenzi moja fupi isiyovuta kitu karibu wala kukisukuma mbali.

Mwili wa kamera ni kama ndala, alimwambia, ukichakaa utanunua mwingine. Lenzi nzuri utazeeka nayo. Mwenye mfuko mwembamba asibebe vitu vitano vibovu. Achukue kimoja kizuri, kisha atumie miguu: akitaka karibu, asogee. Inspekta aliahidi kurudi. Sasa amerudi, na roho ilimuuma kwa namna ambayo kazi yake haikuwa na fomu ya kuijaza.

Daktari wa uchunguzi wa maiti alikuwa na maneno machache. Marehemu alisukumwa mara moja, kwa nguvu, kifuani. Akaanguka, akagonga kisogo kwenye sefu. Alikufa jana jioni, kabla ya saa za kufunga duka.

Sefu haikuguswa. Rafuni zilikuwepo lenzi ndefu za wapiga picha wa mpira, moja peke yake ingeweza kununua pikipiki. Juu ya kaunta kulikuwa na lenzi moja tu, fupi, ya bei ya chini kabisa dukani, bila vifuniko na bila kamera.

"Mwizi gani huyu," Koplo aliuliza, "anayeacha pikipiki rafuni?"

"Hakuja kuiba," alisema Inspekta. "Itieni lenzi hii kwenye mfuko wa vielelezo. Polepole, msiguse chochote ubavuni mwake kabla ya watu wa alama za vidole."

Mjane alifika akiwa ameshikwa mikono na jirani zake wawili. Hakulia. Aliutazama mwili, kisha akasema, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kukata shauri, kwamba muuaji ni shemeji yake na asitafutwe mwingine.

Shemeji huyo alikuwa mdogo wake marehemu, na waliendesha duka pamoja. Fundi viatu naye alisikia ugomvi jana jioni: kaka mtu akifoka, mdogo mtu akijibu, kisha mlango ukabamizwa. Kabla ya saa sita mchana kijana alikuwa mahabusu, na Mkuu wa Kituo akaanza kusugua viganja vyake. Kesi nyepesi humfurahisha kila mkubwa.

Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza, viti vitatu na feni iliyogoma. Mdogo wa marehemu alikaa ameinama.

"Mligombania nini?"

"Mabegi."

"Mabegi gani?"

"Kamera, lenzi mbili, stendi ya miguu mitatu, vyote ndani ya begi, kwa bei moja. Wanaoanza wanapenda. Kaka akasema nawauzia takataka kwa jumla."

"Ukamsukuma."

"Nilitoka nikabamiza mlango. Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwa kaka yangu, Afande. Mlango."

"Ukaenda wapi?"

"Nilitembea tu."

"Nani alikuona?"

"Sijui. Hasira haitembei na shahidi."

Inspekta alifunga daftari. Alitoka na kwenda kwa Mkuu, akamweleza kwamba alama za vidole kwenye lenzi ni za watu wawili: za marehemu, na za mtu mwingine ambaye si mdogo wake. Mkuu alijibu kwamba lenzi hushikwa na wateja kila siku, kama mlango wa choo cha stendi. Jalada limekamilika, kesho asubuhi kijana atafikishwa mahakamani kwa mauaji.

"Na kama siye?"

"Basi mwenyewe una leo nzima."

Alirudi dukani na Koplo. Safari hii hakutazama sakafu. Alitazama ukuta.

Ukuta mzima wa upande wa kushoto ulikuwa umejaa picha za Mjomba. Hakuwa mtu wa kujipenda. Hiyo ilikuwa desturi yake na kila aliyenunua kamera yake ya kwanza pale. Hutoki dukani mpaka umpige picha yeye, amekaa kwenye kile kiti cha duara, kwa kamera uliyoichagua na lenzi uliyoichagua. Nyuma yake kilisimama kioo kikubwa alichonunua kwa kinyozi aliyefunga kazi. Alipenda kusema kwamba mpiga picha ndiye mtu asiyekuwepo kwenye picha za kwao, basi angalau ile ya kwanza naye awemo. Kwa hiyo kila picha ilikuwa na watu wawili: Mjomba mbele, na ndani ya kioo mnunuzi, kamera usoni, kiwiko juu kama bawa la kuku. Zilibandikwa kwa mfuatano, mpya baada ya iliyotangulia.

Katika safu ya mwisho palikuwa na pengo. Pini ilikuwepo, na chini yake kipembe cha karatasi kilichochanika.

"Ndicho kilichoibiwa," alisema Inspekta. "Uso wa aliyemsukuma."

Koplo alifungua kompyuta ya duka, ambamo Mjomba alihifadhi picha zote kwa mfuatano uleule. Kabla ya pengo, ukutani, kulikuwa na picha ya mama mwenye kilemba cha kijani. Baada ya pengo, kijana mwenye bandeji shingoni. Kwenye kompyuta, kati ya kilemba na bandeji, alikuwemo mwanamume wa makamo, ameshika kamera kwa mikono miwili kama mtu aliyekabidhiwa mtoto mchanga. Alivaa ovaroli ya bluu yenye maandishi kifuani. Kioo kiliyageuza nyuma mbele; Koplo akaigeuza picha, nayo maandishi yakasomeka. Karakana ya majokofu, na namba ya simu.

Koplo alikwisha kusimama, kofia mkononi. Inspekta hakusimama. Alikuwa anaitazama ile picha. Kila unywele wa ndevu za Mjomba ulihesabika.

"Kama picha hii ilipigwa kwa ile lenzi iliyobaki kauntani, lenzi ilikuwa nzima siku aliyoinunua," alisema. "Kwa nini airudishe?"

Watu wa alama za vidole walikuwa wamemaliza kazi yao na kumrudishia lenzi ndani ya mfuko wake. Inspekta alivaa glavu, akaichukua ile kamera iliyochubuka ambayo Mjomba alimwekea kando, akaifungia ile lenzi, akampiga Koplo picha. Kwenye kioo kidogo cha nyuma ya kamera Koplo alitoka safi kabisa, hata akaomba apewe ampelekee mchumba wake. Walipoikuza kwenye kompyuta, hakuwa na pua wala macho. Alikuwa mtu aliyetazamwa kupitia maji.

Inspekta alirudia mara tatu, hali ikawa ileile. Akaanza kuigeuza lenzi mkononi, kama mgeni anayetafuta pa kufungulia kopo. Ubavuni aliona swichi ndogo, nyembamba kama punje ya mchele, imekaa upande wa kulenga kwa mkono. Hapo kamera huacha kujitafutia shabaha. Anayepiga ndiye azungushe pete ya lenzi mwenyewe, la sivyo picha hutoka na ukungu. Aliisukuma upande wa pili kwa ncha ya kalamu, akapiga tena. Pua ya Koplo ikarudi, na chunusi yake.

Mkuu alikuwa na kesi. Inspekta sasa alikuwa na kitu kizito zaidi, swichi ndogo kama punje ya mchele, na hakukipenda.

Fundi majokofu hakukimbia. Alipowaona mlangoni mwa karakana aliweka spana chini, akanawa mikono kwa sabuni, akamwomba mwenzake amalizie friji ya mteja. Kituoni Inspekta alimpa onyo la kisheria: halazimiki kusema, na atakalosema litaandikwa. Alisema anataka kusema.

"Ulimsukuma?"

"Nilimsukuma mimi. Yule mdogo wake mwachieni, nimesikia mnaye."

"Kwa nini?"

Fundi akaeleza kwa mfululizo, macho yakiwa mezani. Mkewe aliugua muda mrefu. Tangu augue alikataa kupigwa picha kwa simu. Alisema simu inapiga ugonjwa, haimpigi yeye. Mume akajinyima, akaenda kwa Mjomba, akachagua kamera ya bei ya chini na lenzi moja, kwa sababu mzee alimwambia hiyo ndiyo ya nyuso za watu. Siku binti yao alipoolewa, mke aliamka akiwa na nguvu. Alivaa. Alikaa karibu na dirisha, akamwita mwenyewe: njoo na kamera yako hiyo. Alicheka siku hiyo, Afande, alisema fundi, alicheka kama zamani. Mume akampiga picha nyingi. Akazitazama kwenye kile kioo kidogo, akaona ziko salama, akazima kamera.

Mke hakuumaliza mwezi.

"Tukataka picha kubwa ya kuweka msibani," alisema fundi. "Nikazipeleka kusafishwa. Zote hazina uso. Zote. Mke wangu ni moshi."

"Ukaenda kwa Mjomba."

"Kwenye picha yake yeye nilimtoa safi. Iko pale ukutani, ndevu zote zinaonekana. Lenzi hiyohiyo, mikono hiihii. Nikasema huyu mzee alinionyesha lenzi nzima, wakati wa kufunga akanitilia mbovu, kwa kuwa mimi ni mtu wa spana, nitajua nini."

"Ndiyo maana ukaing'oa ile picha. Kuficha uso wako kwenye kioo."

Alionekana kutoelewa swali. "Uso wangu? Hapana. Niling'oa kwa sababu ilitoka safi."

Aliingiza mkono mfukoni mwa ovaroli, akaitoa ile picha. Ilikuwa imekunjwa mara nne. Inspekta aliona haya, maana tangu kule dukani alimjengea mtu huyu ujanja ambao hakuwa nao.

Angeweza kuishia hapo. Ungamo lilikuwepo, sababu ilikuwepo, na mtu aliyeamini kwamba ametapeliwa angebaki na kitu cha kushikilia huko gerezani. Lakini nje, kwenye benchi, alikaa mjane ambaye kuanzia kesho angesikia mitaani kwamba mumewe aliuawa kwa utapeli wake. Na mdogo wa marehemu angerudi kufungua duka lenye jina hilo. Inspekta hakuona njia ya kumhurumia mmoja bila kuwaibia wawili.

Aliweka kamera na lenzi mezani, swichi akiwa ameirudisha ilipokuwa mwanzo.

"Mpige Koplo picha."

Fundi alipiga. Inspekta akamkuzia. Moshi. Akamwonyesha ile swichi ubavuni, akamwambia aisukume mwenyewe kwa ukucha, apige tena. Vidole vya fundi, vilivyozoea vijiskrubu vya majokofu, viliipata mara moja. Koplo akatoka mzima.

"Pengine ilisukumwa na kitambaa cha begi," alisema Inspekta. "Au na kidole chako wakati wa kuishika. Lenzi ni ileile uliyouziwa. Haikubadilishwa."

Fundi aliisukuma swichi mbele, akairudisha. Akaisukuma tena. Hakuna aliyemkataza.

"Mjomba aliishika hii lenzi jana?" Inspekta aliuliza. "Alama zake zipo."

"Aliishika. Aliigeuza, akaitazama hapa ubavuni, akatabasamu. Nikaona ananicheka."

"Alisema chochote?"

Fundi aliiweka lenzi mezani kwa uangalifu mkubwa.

"Alisema, 'Ngoja mwanangu, nikuonyeshe kitu.' Nikadhani ananizungusha. Sikungoja."

Koplo aliacha kuandika, kalamu juu ya karatasi. Inspekta alimwambia aandike na hilo.