Ukurasa wa Tarehe Ishirini na Sita

Kila siku kabla ya mapambazuko, Kinue na mama mkwe wake, Sawa, walisaga soya. Waliichemsha, wakaikamua, wakaigandisha kuwa tofu. Kukipambazuka majirani walikuja na mabakuli yao. Duka lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao, mtaa wa chini wa mji wa Okitsuka, karibu kabisa na mdomo wa mto. Yasuji, mume wa Kinue, alikuwa Osaka kwenye kazi ya ujenzi. Nyumbani walibaki wanawake wawili na Mitsu, binti wa miaka mitano.

Lakini siku moja kila mwaka Sawa hakuruhusu mtu yeyote kugusa mlango. Siku hiyo ni tarehe ishirini na sita Septemba.

Ndiyo tarehe aliyokufa mumewe, Kanzo, miaka ishirini na minane iliyopita. Kanzo alifanya kazi kwenye kituo cha hali ya hewa, kule juu mlimani. Asubuhi ile alitoka kwenda kazini kama kawaida, kimbunga kikapiga, hakurudi. Siku ya tatu walimkuta kwenye matete ya mto. Sawa alikuwa amebaki nyumbani na Yasuji, aliyekuwa bado mtoto mchanga. Walipanda darini wakapona. Tangu hapo Sawa alishika neno moja tu: tarehe hii humchukua anayetoka. Anayebaki ndani, humpita.

Basi kila mwaka alifunga mbao zote za madirisha. Aliweka bakuli la wali mbele ya picha ya Kanzo, akasimamisha vijiti viwili vya kulia katikati ya wali, kama afanyiwavyo marehemu. Wakakaa gizani mchana kutwa, hata kama nje jua linawaka.

Mwaka huu jua halikuwaka. Anga lilikuwa la manjano tangu asubuhi. Upepo ulikuwa umekufa kabisa. Hewa ilikuwa ya joto na ilinuka bahari. Halafu kitu kikaanza kukwaruza mbao kwa nje, taratibu, huku na huku.

"Bibi, nani anakwaruza?" Mitsu aliuliza.

"Nyamaza. Usimjibu," alisema Sawa.

Kinue alichungulia kwenye ufa. Walikuwa kaa wadogo wa mtoni, mamia kwa mamia, wanapanda ukuta. Aliwasha redio ndogo ya betri. Redio ikasema kimbunga kikubwa kitafika pwani mchana.

"Mama, twende shuleni, kule juu," alisema.

"Leo? Utoke leo? Umerogwa wewe?"

"Redio inasema..."

"Redio haikumzika mume wangu. Kaa chini!"

Kinue alikaa. Ataanzaje kumburuta mama mkwe wake? Na atamwachaje humu gizani peke yake? Alimpakata Mitsu, akasikia moyo wa mtoto unavyodunda.

Mara mlango ukagongwa.

"Bibi Sawa! Ni mimi, Nagase!"

Bwana Nagase alikuwa mfanyakazi wa kituo kile kile cha hali ya hewa. Alikuwa mteja wao wa kila siku.

"Leo hatuuzi!" Sawa alifoka. "Unajua vizuri. Au tofu ya jana umeibugia yote peke yako?"

"Nimeibugia, Bibi, nisamehe. Lakini leo sikufuata tofu. Fungua kidirisha tu. Mimi siingii, na wewe hutoki."

Sawa alifikiri, kisha akafungua kidirisha cha kupitishia mabakuli. Kitabu kikubwa kikapita, kimefungwa kwa kitambaa cha mpira.

"Wiki hii nilikuwa nanakili vitabu vyetu vya zamani," sauti ya Nagase ilisema kwa nje. "Kila tarehe ina ukurasa wake. Kila mwaka una mstari mmoja, ila mwaka wa kimbunga una zaidi. Kinue, fungua nilipoweka uzi. Msomee mama."

Kinue aliwasha mshumaa. Juu ya ukurasa paliandikwa: Septemba 26. Chini yake mistari ilishuka, mwaka baada ya mwaka, kwa miandiko ya watu mbalimbali. Wengi wao walikwisha kufa. Kinue alisoma polepole.

"Jua. Upepo mdogo. Mwaka unaofuata: mawingu, mvua kidogo asubuhi. Jua. Ukungu. Jua..."

"Ruka hayo," alisema Sawa.

"Usiruke, Bibi!" Nagase aliita. "Hapo ndipo penye maana. Ni miaka sabini na mmoja. Kimbunga kimekuja tarehe hii mara nne tu. Miaka mingine yote watu walianika nguo. Tarehe haimwindi mtu. Mwezi mzima huu ni wa vimbunga, na hata Oktoba."

"Kwa hiyo umekuja kuniambia niko salama?"

"La! Leo kimbunga kinakuja kweli, lakini hakikuletwa na tarehe. Kimeletwa na bahari yenye joto. Kipimo chetu cha mgandamizo wa hewa kinashuka tangu usiku. Kitabu hakiwezi kukwambia kesho itakuwaje. Kinakwambia maji yaliwahi kufika wapi. Endelea, Kinue."

Kidole cha Kinue kilifika kwenye mwandiko ulioegemea kushoto. Sawa aliuona. Hakujua kusoma, lakini mwandiko ule aliujua.

"Huyo ni Kanzo," alisema kwa sauti ndogo. "Aliandika kwa mkono wa kushoto. Anasema nini?"

Kinue alisoma: "Saa sita mchana. Kimbunga. Maji yameingia mtaa wa chini, kimo cha mtu na nusu."

"Endelea."

"Saa saba na nusu. Upepo umekoma. Jua limetoka. Ndege wengi wametua uani. Mimi niko salama. Nashuka kuwachukua Sawa na mtoto."

Kinue alishusha kidole mstari mmoja.

"Chini yake pana mwandiko mwingine," alisema Kinue. "Saa nane. Upepo umerudi kutoka kusini. Kanzo hajaonekana."

Sawa alishika ukuta. "Alifika," alisema. "Alikuwa kule juu. Alikuwa mzima."

"Alikuwa mzima, Bibi," alisema Nagase. "Kutoka hakukumuua. Kilichomuua ni kushuka tena. Kimbunga kina shimo la kimya katikati. Tunaliita jicho. Likipita juu yako, unadhani yamekwisha. Kumbe ni nusu. Upepo unarudi kutoka upande wa pili na unasukuma bahari mbele yake. Na nyumba ile ya zamani ilikuwa na dari. Hii mliyojenga ina dari?"

Sawa aliinua macho. Juu palikuwa na mabati tu.

Machozi yalimtoka, naye hakuyafuta. Miaka ishirini na minane alimlaumu Kanzo kwa kutoka. Kisha akasimama, akalitoa komeo la mlango kwa mikono yake mwenyewe.

"Kinue, mbebe mtoto mgongoni. Unangoja nini?"

Nagase aliwaharakisha. "Maji ya kunywa, wali uliopikwa, dawa za Bibi, redio, viatu vya kufunga. Vingine acheni. Piteni njia ya hekalu, msipite kando ya mto." Akachukua kitabu chake, akakimbilia nyumba ya jirani.

Walifika shuleni upepo ukianza kupiga mayowe. Ukumbi ulijaa watu. Vioo vilivunjika, paa likalia, watoto wakalia. Hali ikaenda hivyo kwa saa mbili.

Halafu pakawa kimya. Jua likaingia kupitia dirishani. Watu walitoka uani wakatazama juu. Anga lilikuwa la buluu, duara, limezungukwa na ukuta wa mawingu. Shakwe waliochoka walijaa chini, hawakuogopa mtu.

"Yamekwisha!" alisema mzee mmoja. "Naenda kutazama kuku wangu."

Ndipo sauti ilipotoka chini, kwenye mtaa uliofunikwa na maji. Ilikuwa sauti ya mwanamume. Iliita mara moja, ikangoja, ikaita tena.

"Sawa! Oo, Sawa!"

Kinue aliisikia kwa masikio yake. Mitsu alimshika shingo kwa nguvu. Sawa alipiga hatua mbili kuelekea njia ya kushukia. Kinue akamkamata mkono.

"Mama, usiende. Nakuomba."

Sawa alisimama. Kisha akasema kwa sauti kubwa, akitazama chini:

"Nimekusikia, mume wangu. Safari hii sisi ndio tumepanda. Usitungoje huko."

Akageuka, akamshika yule mzee kwa ukosi wa koti. "Na wewe, kuku utawakuta au hutawakuta. Ingia ndani!"

Walipofunga mlango, upepo ulirudi kutoka kusini, mkali kuliko wa kwanza. Bahari ikapanda. Maji yalipopungua, pale kwenye duka la tofu palikuwa na jiwe la kusagia tu. Lakini katika mtaa wote wa chini hakufa mtu hata mmoja.

Yasuji alirudi, wakajenga upya, safari hii mtaa wa juu. Mwaka uliofuata, tarehe ishirini na sita Septemba, kulikuwa na jua. Sawa aliuza tofu yote, akamfokea Nagase kwa kuchelewa.

Wiki tatu baadaye redio ilitangaza kimbunga kingine. Sawa alishuka mtaa wa chini, akagonga mlango mmoja baada ya mwingine. Mama mmoja kijana alimcheka.

"Bibi Sawa, leo ni tarehe kumi na saba Oktoba! Tarehe yako ilishapita."

"Mwanangu, sina tarehe yangu," alisema Sawa. "Mimi niliitwa kwa jina na marehemu mume wangu, nishuke, na sikushuka. Wewe nani amekuita, hata ubaki hapa?"

Yule mama aliacha kucheka. Akambeba mtoto wake mgongoni, wakapanda pamoja kungali mchana.